Tumbili Hawaogopi Mwanamke

Jumanne, 3 Juni 2003

Tumbili wamenidharau tena! Leo nilivaa koti la Ndeti na kofia yake, nikaingia shambani nimetanua mabega kama mwanamume anayekwenda kudai mipaka. Yule mkubwa alikuwa juu ya mpapai. Alinitazama, akalimenya hindi langu pole pole, akaendelea kula. Halafu Ndeti akakohoa tu kule nyumbani — wote wakapotea. Mume wangu ana miaka sabini, mikono inamtetemeka hata kikombe hakitulii, lakini kikohozi chake wanakiheshimu. Hapa Katelembo kila mama anajua: tumbili humkimbia mwanamume, mwanamke humcheka.

Sawa. Tutaona.

Mumo, kifungua mimba wangu, anafanya kazi gereji Athi River. Ameniletea mfuko wa vile vipande vizito wanavyopigilia kwenye magurudumu ya gari kuyabalansi. Madini ya risasi tupu! Manati ninayo, nimeikata mwenyewe kwenye mpera. Na binamu yangu Kitheka, mchongaji wa Wamunyu, alishanichongea kalibu ya mti: vipande viwili vinavyofungana, ndani vishimo vya ukubwa wa gololi. Alidhani nataka kutengeneza peremende za wajukuu. Sikumsahihisha.

Jumatano, 4 Juni

Nimeyeyusha. Raha iliyoje! Kipande kinalainika, kinalegea, halafu ghafla kinang'aa kama maziwa yenye mwezi ndani. Unamimina, unangoja, unagonga kalibu — tunda hilo. Mti unaungua kidogo na kunuka, lakini risasi zinatoka mviringo na nzito. Nilizipanga kwenye kanga nikazitazama kama vifaranga.

Shida ilikuwa chombo. Sufuria zangu Ndeti anazijua zote. Lakini mimi ndiye mtunza vyombo wa akina mama kanisani, na sufuria zao zinalala kwenye stoo yangu, kila moja na namba ya rangi nyekundu. Nikachukua namba saba, ile ndogo. Hiyo hutoka tu mchungaji wa parishi akitutembelea. Mchungaji Muthoka ana presha, hali chumvi, basi kuku wake hupikwa peke yake. Mara ya mwisho alikuja kabla ya Krismasi.

Mumo aliponiona alishika kichwa.

— Mwaitu! Hiyo sufuria usiipikie kitu tena, hata uioshe na mchanga. Hiyo kitu ni sumu, inaingia kwa damu inakaa huko.

Nikamwambia nimesikia, mimi si mtoto. Jumamosi ijayo nanunua nyingine, naipaka saba yake, hii natoboa tako naotesha maua.

Jumamosi, 7 Juni

Mazoezi. Tumbili: hakuna. Ndoo ya Ndeti: imepata kovu. Papai moja bichi limeanguka, na yule mkubwa akaja kulichukua kama nimemwangushia yeye!

Ndeti ameokota risasi moja kwenye mtaro. Akaiinua juani, akaigeuza. Nikamwambia labda imetoka kwenye trekta. Shamba hili halijawahi kuona trekta. Akasema mmh, akaitia mfukoni mwa koti.

Jumatano, 11 Juni

Aiya! Nimerudi kutoka kuteka maji nakuta stoo tupu. Nzembi, mwenyekiti wetu, alipita na mkokoteni akachukua sufuria zote. Mchungaji anakuja Jumapili. Funguo nilikuwa nimeziacha nyumbani; Ndeti alimfungulia, akamsaidia kupakia. Anasema hata ile ndogo ilikuwa nyuma ya magunia, yeye ndiye aliyeiona. Alitaka nimsifu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda kwa Nzembi. Nikamwambia namba saba inavuja. Akaijaza maji mbele yangu, akaiweka juu ya kigoda, tukaketi kuitazama kama wageni wanaongoja chakula. Hata tone.

— Mama Mumo, hii sufuria ni ya zamani, akasema akiipiga makofi. Itatuzika sisi wote.

Nilipaliwa na chai.

Ningesema ukweli tu yakaisha. Lakini niseme nini? Kwamba mtunza vyombo, nyanya mzima, anayeyusha risasi ndani ya sufuria ya mchungaji ili apigane na tumbili? Nzembi amezitamani funguo za stoo tangu mama mkwe anikabidhi. Hawezi kunyang'anya kwa upole, atasimama mbele ya kanisa. Ninazipenda funguo hizi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini ninazipenda.

Jumamosi, 14 Juni

Nimenunua sufuria mpya. Nimeipaka saba, nikaisugua masizi na majivu mpaka ikazeeka. Nikaificha chini ya kanga, nikaenda kwa Nzembi kubadilisha akienda kutoa kuni. Hakwenda kutoa kuni! Alinikumbatia, akaigusa.

— Na hii ni nini? Umenunulia mchungaji? Mungu akubariki! Basi hii tutapikia mboga yake, na kuku kwa ile yake ya siku zote.

Sasa namba saba ziko mbili, na mbovu bado ndiyo ya kuku.

Jumapili, 15 Juni

Naandika chumbani, mlango nimeufunga.

Asubuhi nilitoka ibadani wakati wa wimbo wa pili, manati ndani ya mkoba wa Biblia. Jikoni pa kanisa ni nyuma, penye mafiga. Carol, mpishi, alikuwa amekwenda bombani. Namba saba ilikuwa motoni, kuku ndani, kifuniko kinachezacheza. Kuisukuma kwa mkono sikuthubutu, watoto wa Sunday School walikuwa wananiona. Nikaingia nyuma ya ua wa misipresi. Nikavuta. Tumbili hata mmoja sijawahi kumpata — lakini hiyo sufuria niliipata tumboni! Ililia kama kengele, ikapinduka, kuku akalala majivuni. Nikarudi ndani nikaimba kuliko wote. Mchungaji alikula maharagwe na mboga kutoka sufuria mpya, akashukuru.

Nikadhani yamekwisha. Lakini Nzembi aliokota risasi kwenye majivu.

Sasa wako sebuleni kwangu, yeye na mchungaji. Wamekuja kuniuliza mimi, mtunza vyombo, ni nani anayepiga mali ya kanisa. Nzembi ameshawataja vijana wa kwaya. Akaiweka risasi mezani. Ndeti akaitazama, akanitazama mimi. Halafu akaingiza mkono mfukoni mwa koti akatoa konzi nzima ya risasi, zote alizokuwa akiokota shambani kimya kimya.

— Hizi ni zangu, akasema. Nilikuwa nalenga kunguru. Mnisamehe.

Mzee wa kanisa! Na mikono ile ile, risasi zinagongana ndani yake kwa kutetemeka. Mchungaji akacheka, akamsamehe. Miaka yote hii ya ndoa, sijui kama nimewahi kumpenda hivi.

Kisha Nzembi akasema namba saba imebonyea tu, haikutoboka, ameiosha, amekuja nayo, basi mchungaji apikiwe chai humo humo, ili ajue chombo chake kimepona. Ameibandika jikoni kwangu.

Nikisema ni sumu, wataniuliza nani aliyeyusha risasi humo, na nimemfanya Ndeti mwongo mbele ya mchungaji. Nikinyamaza...

Nimechukua mkebe wa majani ya chai nikakimbilia huku. Nimeukalia kitandani. Hakuna majani mengine nyumba hii.

Nzembi anauliza majani yako wapi. Ndeti anasema hajui. Sasa Nzembi anasema si kitu, yeye hutembea na yake. Zipu ya mkoba hiyo.

Ndeti amekohoa.

Funguo za stoo nimezifungua kutoka kwenye leso, ziko mkononi, nimkabidhi Nzembi. Amekohoa tena. Natoka —