Picha ya Msalabani

Mama Nafula, mke wangu,

Wiki iliyopita tulikutengenezea picha ya kupachika kwenye msalaba wa kaburi lako, na nusura mimi na binti yetu tukosane kwa sababu ya meno yako. Nakuandikia ujue yalivyokwisha.

Unakumbuka kule Bonde la Ufa tulikozaliwa, hakuna aliyeyatazama meno ya mwenzake mara mbili. Sote tulikunywa maji ya kisima kimoja kirefu, sote tulikuwa na meno ya kahawia, kuanzia darasani hadi kwaya ya kanisa. Nilikuchumbia ukicheka mdomo wazi. Nairobi ndiyo iliyokufundisha kuficha. Tulipofukuzwa wakati wa ghasia, tukaangukia Kariobangi na godoro na sufuria, jirani wa kwanza kuja kutusalimu alikuuliza, "Mama, wewe hutafuna miraa?" Tangu siku hiyo ulicheka mkono ukiwa mdomoni.

Ulisugua mkaa. Ulisugua majivu. Kisha mtu sokoni akakudanganya, nikakukuta umeinamia beseni, unasukutua kwa dawa ya kung'arisha shuka, midomo imebabuka. Nilikupokonya chupa, nikakuketisha, nikakueleza kwa Kiswahili somo ambalo darasani nililifundisha kwa Kiingereza miaka yote: kwamba klorini ya chupa ile na florini ni ndugu wa kundi moja, halojeni, wamepangwa kwenye safu moja ya jedwali, na wa juu ni mkali kuliko wa chini. Klorini humtoa bromini kwenye chumvi yake. Bromini humtoa iodini. Florini yuko juu kabisa. Aliingia menoni mwako kwa maji ya kisima chetu ulipokuwa mtoto, meno yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, akajifunga na kalsiamu. Hakuna klorini ya kumng'oa.

Ulinisikiliza ukipangusa midomo.

"Kwa hiyo kati yetu sote tuliotoka kule, ni huyo peke yake hawezi kufukuzwa?"

"Ni huyo peke yake."

"Basi na akae," ukasema. Lakini mkono wako haukuacha kwenda mdomoni.

Ulipoanza kuuza sukuma wiki kando ya barabara, uliiosha kwa pamanganeti, ile dawa ya kuua vijidudu, punje chache ndani ya ndoo, maji yakawa zambarau. Kuna wateja waliokuja kwa sababu ya ile ndoo tu. Kufikia jioni maji yalikuwa yamegeuka kahawia, na vidole vyako vilevile. "Manganizi ya hiyo dawa imechoka," nilikuambia, "imeshatoa oksijeni yake." Ukanijibu, "Mwalimu, hata mimi nimechoka. Niletee kiti."

Ndiyo maana ulicheka siku ile hospitalini. Saratani ilikuwa imeanzia kwenye titi, na daktari alitaka kujua kama imefika mifupani. Wakakudunga teknetiamu, dawa yenye mionzi ya kupigia picha mifupa, wakasema unywe maji mengi, usimpakate mtoto wa mtu hadi kesho, usubiri kwenye benchi. Uliiogopa ile mionzi. Nikakuambia usihofu, huyo ni ndugu wa manganizi, anakaa chini yake kwenye jedwali, na hana maisha marefu: kila saa sita nusu yake huwa imekwisha.

"Ndugu ya ile dawa yangu ya mboga?"

"Ndiye huyo."

"Woi, Baba Nafula! Kumbe leo wananiosha kama sukuma!"

Ukaangua kicheko. Mkono mmoja ulikuwa umenyooshwa kwa ajili ya sindano, wa pili umeshika chupa ya maji, na mdomo ukabaki wazi. Nikakupiga picha kwa simu. Ndiyo picha pekee niliyo nayo ya kicheko chako tangu tuje mjini. Baadaye walituonyesha picha nyingine, ya mifupa yako, na kila ulipofika ugonjwa palikuwa na doa jeusi.

Teknetiamu aliondoka mwilini mwako upesi, kama nilivyokuahidi. Sikujua kwamba nawe ungemfuata upesi hivyo.

Sasa hiyo picha ya benchi ndiyo Nafula aliyoipeleka dukani ichapishwe kwa ajili ya msalaba. Mwenye duka akatugeuzia kioo cha kompyuta. "Mzee, cheki vile mathe ametoka fiti!" Alikuwa amekupa meno meupe pe. Nilihisi nimemzika mke wa mtu mwingine.

Nikamwambia arudishe. Nafula akanishika mkono. "Mimi ndiye nilimwambia, Baba. Mama alitamani meno haya maisha yake yote. Si tumpe basi, hata sasa?"

Alisema kweli, Mama Nafula, na kweli hiyo iliniuma. Nikamjibu kwamba shamba lilichukuliwa, nyumba ikachomwa, kisima kiko ndani ya ua wa mtu nisiyemjua. Kitu pekee cha kwetu ambacho hawakuweza kukunyang'anya kilikuwa kinywani mwako. "Na siku ile alicheka na meno yake," nikasema. "Ukiyabadilisha, aliyecheka si yeye."

Mwenye duka, aliyekuwa mteja wako wa sukuma, akataka kupoza mambo. "Lakini mathe mwenyewe si angetuambia tu tuharakishe, sukuma inanyauka?"

Nafula akacheka bila kutaka. Na mkono wake ukaenda mdomoni.

Nafula, aliyezaliwa hapa, aliyekua kwa maji ya bomba yanayonuka klorini, ambaye meno yake hayana doa. Ameyaficha maisha yake yote kwa sababu ndivyo alivyokuona ukicheka, na mimi baba yake sikuwahi kuliona hilo. Aliushusha mkono polepole, akautazama kama si wake. "Weka ile ya kwanza," akasema, kisha akalia hadi mwenye duka akamletea kiti.

Jumamosi tuliipachika. Wapitao makaburini watadhani ulitafuna miraa. Waache. Mimi naosha sukuma ya mtu mmoja, na ndoo yako ingali na mstari wa kahawia ukingoni, sijathubutu kuusugua.

Katika mwili wa mtu, jino ndilo huchelewa kwenda. Huko uliko, katika udongo usio wa kwetu, florini wa kisima chetu bado amekushika. Namwonea wivu.

Lala naye salama, mpaka nije.

Mumeo,
Baba Nafula