Wajane wa Mtu Aliye Hai

Bahurimu, mwezi wa kuvuna shayiri

Naara binti yangu,

U mzima huko juu mjini? Sisi wazima, isipokuwa goti langu la kulia, ambalo limeasi na halipokei tena amri yangu. Mbuzi wazima. Ithrani mfinyanzi naye mzima, na ndiye aliyenipa kigae hiki cha kuandikia. Kila nikimwomba kigae anavunja mtungi mpya, eti ulikuwa na ufa. Mimi sikuuona ufa. Tangu watu wa mfalme walipokuja kukuchukua, na arusi yenu ikiwa imekaribia, kijana huyu amevunja mitungi ya kutosha kijiji kizima.

Usicheke mwandiko wangu. Kuhani aliyenifunza herufi alinifukuza zikiwa zimefika nusu, zile nyingine nimeziokota njiani.

Juzi nilipanda mjini na kesi yangu ya mpaka wa shamba. Langoni nikamkuta Absalomu, mwana wa mfalme, pamoja na nywele zake ndefu zile. Nikataka kumwinamia, akanidaka, akanibusu. Mimi! Nanuka beberu! Akasema, "Baba, kesi yako ni ya haki kabisa, ila mfalme hana mtu wa kukusikiliza. Laiti mwamuzi ningekuwa mimi!" Nikamwambia, "Bwana mdogo, kesi yenyewe hata hujaniuliza." Akacheka, akanibusu tena. Mtu anayebusu wazee wenye harufu anataka kitu kikubwa. Jihadhari naye.

Je, mzee wako mfalme amekuita tena? Kama hajakuita, muulize towashi anayewasimamia kama mwanamke asiyehitajika anaweza kurudi kwao. Nataka urudi nyumbani. Hilo ndilo neno la barua hii, mengine yote ni mapambo.

Baba yako


Yerusalemu, shayiri ikiwa inapurwa

Shikamoo Baba,

Nami ni mzima, lipe goti pole. Hogla muuza tini amenifikishia kigae chako chini ya kapu, kikiwa na utomvu wa tini, nimekiramba nikisoma.

Mfalme aliniita mara moja tu. Akaniuliza jina na kwetu. Nikasema Bahurimu. "Bahurimu," akasema, kama mtu aliyekumbuka jino bovu, kisha akasinzia. Mara nyingi hupiga kinubi peke yake huku wanawe wakigombana ukumbini. Wengi wetu tupo tu, kama viti vya wageni.

Towashi anasema mfalme hawaonei choyo wale aliowasahau. Nadhani nimesahaulika vizuri. Zabibu zikishavunwa nitaomba ruhusa.

Mwambie Ithrani aache kuvunja mitungi. La, usimwambie.

Mwanao, Naara


Yerusalemu, mwezi wa ngano, asubuhi

Baba, naandika haraka, Hogla ananingoja.

Absalomu amejitangaza mfalme huko Hebroni, anakuja na jeshi. Baba yake ameondoka na wake zake, watoto, walinzi, punda, mpaka vyungu. Sisi masuria kumi tulikuwa tumeshafunga mizigo. Mlangoni akatugeukia, akasema, "Ninyi bakini mlinde nyumba."

Zibia mwenzangu, ambaye mdomo wake haufungiki, akauliza, "Bwana wangu, tuilinde kwa silaha gani? Hata upawa umebebwa."

Mfalme akavua viatu, akaondoka pekupeku. Nyumba haina mtu, Baba. Tukiongea sauti zinarudi.

Naara


Bahurimu, siku hiyohiyo

Naara, salamu zitangoja.

Mfalme amepita hapa akiwa analia, kichwa amekifunika. Jirani yetu Shimei, wa ukoo wa mfalme wa zamani, alimwandama kwa matusi na mawe njia nzima. Mkono wa Shimei unaujua, jiwe alilomlenga mfalme likampata punda. Mimi nilimkimbilia na goti hili hili nikamuuliza, "Binti yangu yuko wapi?" Askari akanisukuma. Mfalme akasema, "Mwache. Mzee, binti yako yuko salama. Yuko nyumbani."

Nyumbani kwa nani?

Toka leo. Vaa shuka la Hogla, jitwike kapu lake, pitia mlango wa jikoni. Hogla ni mpana, jazia mito. Ithrani atakuwa kwenye mteremko wa mizeituni. Usiage mtu.

Baba yako


Yerusalemu, ngano imekwisha

Baba,

Mimi ni hai. Salamu zaidi ya hiyo sina.

Nilivaa shuka la Hogla. Nilifika mlango wa jikoni. Towashi akanitambua kwa vidole vya miguu, akaninong'oneza, "Suria akiiacha nyumba aliyokabidhiwa na mfalme ni mtoro, na mtoro hutafutwa kwa baba yake. Wataichoma ile nyumba na mzee ndani." Nikavua shuka.

Absalomu akaingia. Mshauri wake alimwambia kwamba mwana akiwatwaa wanawake wa baba yake, watu watajua hakuna tena kupatana, na wote watasimama upande wake. Wakatupigia hema juu ya paa la jumba, mchana, ili mji uone. Tuliingizwa mmoja mmoja. Chini watu walikuwa wamejaa, wameinua shingo, wanashangilia. Kati yao muuza maji alikuwa ananadi maji yake.

Ulisema anataka kitu kikubwa. Hakuwa anatutaka sisi, Baba. Sisi tulikuwa mbiu tu, ya kupigwa watu wasikie.

Naara


Bahurimu, baada ya hapo

Binti yangu,

Nimesoma. Sikumsomea mtu. Ithrani aliuona uso wangu, akaniletea vigae vingi kwa mpigo. Hiki nimekiandika. Vingine vimebaki vitupu, sioni cha kutia.

Baba yako


Bahurimu, mwezi wa zabibu

Naara wangu,

Umeamkaje? Mimi leo nimeamka nikiwa na njaa, ni dalili njema kwa mzee.

Habari zimefika. Absalomu amekufa msituni ng'ambo ya Yordani. Nywele zile zilinasa kwenye mwaloni, nyumbu aliyempanda akaendelea na safari yake, mwenyewe akabaki anabembea kama kibuyu mpaka walipomchoma mikuki. Wanasema baba yake amelia hata jeshi lililoshinda likaingia mjini kwa kunyata, kama wezi. Mimi sikulia. Nilikula zabibu.

Sasa mfalme anarudi, na Shimei wetu amekimbilia mtoni kumpokea, akigaagaa chini kuomba radhi, mavumbi mpaka masikioni. Akasamehewa! Aliyemtupia mawe amesamehewa, basi wewe uliyemlindia nyumba utakosaje kuachiwa? Aibu peke yake itamfanya akurudishe. Ithrani ameezeka upya chumba cha nyuma. Anasema kilikuwa kinavuja. Hakikuwa kinavuja.

Baba yako


Yerusalemu, zabibu zinakamuliwa

Shikamoo Baba,

Mfalme amerudi. Tulisimama uani tumejipanga, tumeoga. Akapita bila kututazama, kama mtu anayepita mahali alipoanguka zamani. Jioni tukahamishiwa nyumba ya nyuma, yenye mlango mmoja na mlinzi. Chakula kinakuja. Nguo zinakuja. Yeye haji, na hatoi neno. Watumishi wameanza kutuita wajane. Mume wetu tunamsikia akikohoa upande wa pili wa ukuta.

Lakini sikia. Towashi ananiambia mfalme hajatamka lolote juu yetu, amenuna tu, na kununa kwake huisha. Sikukuu ya mavuno ikipita, na watu wakiacha kututaja, kila mmoja atatolewa kimya kimya arudi kwao. Ameshawahi kuona ikifanyika. Sharti ni moja: jambo hili lisifikishwe mbele ya mfalme.

Kwa hiyo nakuomba, Baba, nyamaza. Nakujua. Nyamaza tu.

Mwanao, Naara


Bahurimu, baada ya sikukuu ya mavuno

Naara,

Sijui nikusalimu vipi. Hujambo.

Uliniambia ninyamaze. Nilijaribu. Sikukuu ikapita, Hogla akarudi na kapu tupu, akaja tena na kapu tupu, nikashindwa. Nilijiambia: mfalme huyu mikuki haimpati, hadithi humpata. Nchi nzima inajua. Nabii alimpigia hadithi ya maskini na mwanakondoo wake, mfalme akaruka kitini kwa hasira akamhukumu mtu wa hadithi, kumbe ndiye yeye mwenyewe. Mwanamke wa Tekoa akaja na hadithi ya wanawe wawili, mfalme akalainika akamrudisha Absalomu kutoka uhamishoni. Nikajiambia, Hadlai, kijiji kizima hukuomba hadithi wewe. Nenda.

Mfalme alikuwa amekaa langoni. Amezeeka kuliko mimi.

"Sema, mzee."

"Bwana wangu mfalme, kuna mtu kwetu nyumba yake ilizingirwa na moto. Akatoa wanawe, akatoa kondoo, akatoa mpaka mbwa. Mbuzi mmoja akamwacha amefungwa mlangoni, akamwambia: wewe linda."

Watu wakacheka. Unanijua nikichekewa.

"Mwizi akaja, akamkamua yule mbuzi majirani wakitazama. Moto ukazimika, mwizi akafa, mwenye nyumba akarudi. Akamwangalia mbuzi, akasema, huyu amekamuliwa na mwingine. Akamfungia gizani. Majani anapewa. Malishoni hapelekwi, beberu haonyeshwi, kwao harudishwi, hadi kufa kwake! Bwana wangu, amua kati ya mbuzi na mwenyewe."

Nikangoja aruke. Hakuruka. Akaniuliza, "Mbuzi huyo anakula?"

"Anakula, bwana wangu."

"Anapigwa?"

"Hapigwi."

"Kwenu ni wapi?"

"Bahurimu."

Akafumba macho. Akasema, "Hadithi ya kwanza niliikasirikia. Ya pili niliilia. Siku hizi nazisikia zikija toka mbali, mzee, kama goti bovu linavyosikia mvua." Akamgeukia mwandishi wake. "Andika. Mwenye mbuzi na afanye kama mzee alivyosema kwa kinywa chake: alishwe, asiguswe, asirudishwe, hadi kufa kwake."

Nikaanguka kifudifudi. "Bwana wangu, 'hadi kufa' nimeitia mimi! Ni chumvi tu, hadithi ikolee!"

"Nimeamua langoni," akasema.

Nawe unajua, neno likishaamuliwa langoni mbele ya wazee wa mji halirudi kinywani, hata kinywa kikiwa cha mfalme. Aliponyanyuka alinishika bega. "Una bahati, mzee," akaniambia. "Wako yu hai."

Nimefika nyumbani. Ithrani alikuwa kizingitini. Nilimweleza yote, akasikiliza mpaka mwisho. Leo hakuvunja mtungi. Kigae hiki nimekiokota jalalani.

Baba yako


Yerusalemu, mvua za kwanza

Shikamoo Baba,

Sisi ni wazima. Chakula kinakuja.

Hukumu yetu tumesomewa na mwandishi, mlango ukiwa wazi kidogo, kwa sababu ilikuwa inanyesha naye hakutaka kuingia. Zibia akamuuliza, "Nani kaomba hiyo?" Akajibu, "Mzee mmoja wa Bahurimu, ana maneno matamu." Wote wakanitazama. Wako walioanza kufunga mizigo, Baba. Towashi alikuwa ameshamtengea Zibia punda.

Sikuchukii. Nilikaa kutwa nikijaribu, ikanishinda, nikaona hata sauti yako naisikia, ulivyopandisha pale kwenye beberu. Zibia alicheka pale, mwandishi alipotusimulia hadithi yako. Kisha akanipiga kofi. Sasa tunalala mkeka mmoja, kuna baridi.

Mwambie Ithrani aoe. Mwambie nimesema mimi, usiongeze lako.

Na hadithi sitaki tena. Niandikie mambo yaliyotokea yenyewe tu. Nani amezaa, nani amekufa, mvua imefika wapi. Usiyapambe. Nikikuta pambo nitaacha kusoma.

Mwanao, Naara


Bahurimu, mwezi wa kuchanua mlozi

Naara binti yangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima.

Mvua ilikuwa nzuri. Mbuzi wawili wamezaa. Shimei ana homa. Hogla amesema mlinzi wenu mpya hapendi tini, kwa hiyo sijui vigae vitapitaje. Hiki nakituma na ngozi za kondoo.

Ithrani ameoa. Nilimpa neno lako kama lilivyo. Ilipita miezi, kisha mama yake akatafuta mtu. Arusi ilikuwa juzi. Kulikuwa na kondoo na divai. Watu walinisukuma katikati, wakapiga makofi, "Mzee Hadlai, hadithi!" Nikawaambia sina. Wakadhani natania, wakangoja. Nikarudi kukaa.

Bibi arusi ni mfupi, ametoka Anathothi, ana sauti ya taratibu. Wakati wa chakula alinimiminia maji ya kunawa. Nikamshukuru, nikamwita kwa jina lako.

Hakunisahihisha.

Baba yako