Sekunde Tisini na Mbili Ambazo Hatukuzipima

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako na naomba upesi, maana Jumanne saa nne asubuhi kamati ya idara itakaa, na mzee wa watu ataulizwa maswali ambayo majibu yake ninayo mimi.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa kwanza. Mama yangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, amenilea kwa mageti na madirisha ya watu, na tangu nipate nafasi hii amewatangazia wateja wote kwamba nyumba yake ina injinia, sasa ujue ninaandika nikiwa na mzigo gani mabegani. Sisi wa mwaka wa kwanza, hata kama unataka kujenga madaraja, lazima upite kwenye kemia ya joto, gesi na kasi ya mimenyuko, na kila Alhamisi tunaingia maabara wawili wawili. Mwenzangu wa meza darasa zima linamwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa bure.

Alhamisi ya wiki iliyopita kazi ilikuwa nyepesi, unatia kipande cha utepe wa magnesi ndani ya asidi, unabonyeza saa, unangoja utepe uishe wote, unaandika sekunde, halafu unapunguza nguvu ya asidi kwa maji na kurudia. Asidi ilitoka kwenye chupa moja kubwa iliyochanganywa na mzee wa maabara, tunayemwita Babu Vipimo. Mwongozo ulisema kwa asidi ile bila kuongeza maji utepe unapaswa kuisha kwa kama dakika moja na nusu. Sisi tulipata sekunde ishirini na nne, tukarudia tukapata ishirini na tano, tukatazamana, Chapuchapu akasema, "Tumeharibu mahali, na muda umekwisha, tutaandika nini?" Mimi, Shangazi, si yeye, mimi ndiye niliyekuwa na daftari la dada mmoja wa mwaka wa juu, nikalifungua chini ya meza, tukanakili tisini na mbili na namba zake zote zilizofuata, tukachora grafu ikapanda kama imepigwa rula, na ule ukurasa wenye ishirini na nne nikauchana nikausokomeza kwenye begi.

Siku ya pili mhadhiri aliinua ripoti yetu mbele ya darasa akasema, "Hivi ndivyo mhandisi anavyopima." Makundi mengine yote yalikuwa na ishirini na ngapi, ishirini na ngapi, akawaambia wamebonyeza saa kama watoto wanaochezea kengele ya mlango. Binti wa meza ya jirani, tunamwita Mpole, aliandikishwa ripoti upya. Nami nilikuwa nimesimama palepale Babu Vipimo alipomfuata mhadhiri akamwambia, "Mwalimu, nina wasiwasi na ile chupa. Siku niliyoichanganya nilikuwa na homa. Naomba niipime upya kabla ya wiki ijayo." Mhadhiri akajibu, "Mzee, kundi la nne wamepata sawasawa. Chupa haina tatizo, tatizo ni hawa." Kundi la nne ni sisi. Babu akanitazama, akatikisa kichwa kama anayesema haya basi, akaondoka, na mimi sikufumbua mdomo.

Juzi Alhamisi tukaingia tena, chupa ileile, safari hii asidi ikiwa ndani ya flaski yenye kizibo na mpira unaopeleka gesi kwenye bomba la sindano la kioo, na utepe mrefu kuliko wa mwanzo. Nilipoona povu linavyopanda kwenye meza ya Mpole nilijua, Shangazi, nilijua kabla ya kila mtu, nikafungua mdomo kusema "ondokeni", na papo hapo sindano yao ikagoma kusogea, kizibo kikaruka. Mpole alikuwa ameinua miwani ya kinga kufuta mvuke. Babu Vipimo alimfikia kwa hatua tatu, akamwinamisha kwenye bomba la maji, akamwosha jicho robo saa nzima akimwambia, "Fungua, binti yangu, usifumbe, lia lakini usifumbe," na mikono yake mwenyewe imejaa asidi.

Sasa Mpole amelazwa, jicho la kushoto limefungwa, daktari anasema tusubiri. Babu amesimamishwa kazi na maabara imefungwa. Wanasema ni uzembe wa mzee, amezeeka, hasomi lebo. Chapuchapu kaniambia jana, "Ukifungua mdomo tumefukuzwa wote, na jicho la Mpole halitapona kwa wewe kufukuzwa." Je, niseme, au ninyamaze nimwombee Babu kwa Mungu? Na kama kweli mzee alikosea kuchanganya, si kosa ni lake hata hivyo? Nimeileta barua hii kwa mkono na namba yangu iko nyuma ya bahasha.

Ni mimi, wa kundi la nne.

*

Mwanangu wa kundi la nne,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole. Ninasema pole kwanza kwa sababu nikianza na mengine sitafika kwenye pole.

Sasa nisikilize. Swali lako la mwisho umelileta kwa mlango wa nyuma, nami nitalijibu kwa mlango wa mbele. Ndiyo, huenda Babu alikosea kuchanganya. Mtu mwenye homa hukosea. Lakini aliliona kosa lake, akaenda kwa mkubwa wake na miguu yake, akasema "nina wasiwasi, naomba nipime upya." Angeipima jioni ileile yangekwisha. Kilichomzuia ni karatasi yako. Kosa lake lilikuwa na dawa, wewe ukaificha dawa kwenye begi, halafu unaniuliza kama unaweza kumwombea! Mungu hana haja ya kuambiwa na wewe Babu amepatwa na nini. Kamati ndiyo haijui.

Kemia si fani yangu, hivyo nimevuka uchochoro kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa somo hilo, nikamsomea namba zako bila kumwambia ni za nani. Hakuchukua hata kalamu. Akasema kwa magnesi na asidi ya aina hiyo, nguvu ikiwa maradufu muda hauwi nusu, unashuka karibu na robo. "Gawa tisini na mbili kwa nne," akaniambia. Nikagawa. Ishirini na tatu. Nyinyi mlipata ishirini na nne.

Umeelewa, mwanangu? Hamkuharibu chochote. Mlipima vizuri kabisa, wewe na Chapuchapu wako, na Mpole, na darasa zima. Utepe uliwaambia ukweli na mwongozo ukawaambia mlichotarajia, nanyi mkaamini mwongozo. Huo ndio uzembe, kabla hata ya wizi wa daftari la watu. Kesho kutwa utapima nguzo ya daraja, itakuambia imechoka, na wewe utaandika kilichoandikwa kwenye ramani?

Usingoje Jumanne. Mtu anayesema ukweli baada ya kuulizwa amekamatwa tu. Jumatatu asubuhi, kabla mhadhiri hajaingia darasani, uwe mlangoni kwake. Chukua ule ukurasa uliouchana, usiunyooshe, usiunakili upya kwa mwandiko mzuri, mpe ulivyo. Mwombe chupa ifungiwe na ipimwe na mtu mwingine, maana kama kuna aliyebaki nayo mahali, bado ni hatari. Eleza mliandika nini na mlikitoa wapi, na jina la dada mwenye daftari usilifiche, ila useme hakujua. Umweleze pia uliyoyasikia kati yake na Babu. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu yeye naye ana lake la kujibu, na huenda akakukaripia ili asijikaripie. Vumilia.

Chapuchapu mwambie leo. Usimwombe ruhusa, mpe taarifa: "Jumatatu nakwenda, njoo nami au nitakwenda peke yangu." Anaposema jicho halitaponywa na wewe kufukuzwa, amesema kweli, lakini wala halitaponywa na mzee kufukuzwa.

Na mama yako umwambie wewe, kwa mdomo wako, kabla hajaambiwa na mteja wa geti. Atalia. Mchomeleaji anajua kiungo kilichopakwa rangi juu ya ufa kinamwangukia nani, hutahitaji kumfafanulia.

Shangazi wako.

*

Wasomaji, haya nilimwambia kwa simu Jumamosi ileile aliyoileta barua, kwani gazeti lingemfikia kikao kimekwisha. Ninayachapa kwa ruhusa yake, na yaliyofuata ni haya.

Jumatatu alikwenda. Chapuchapu hakutokea. Mhadhiri aliusoma ule ukurasa, kisha akasema, "Nilimjibu mzee yule mbele ya wanafunzi," akatoka na ukurasa mkononi, moja kwa moja hadi kwa mkuu wa idara. Chupa ilipimwa. Nguvu yake ilikuwa maradufu ya ile iliyoandikwa kwenye lebo. Babu Vipimo amerudi kazini na barua ya onyo kwa kuchanganya vibaya, mhadhiri amepewa yake, na wale wawili wa kundi la nne wamefutiwa muhula mzima, watauanza upya na wanaokuja. Chapuchapu hamsalimii tena mwenzake.

Jicho la Mpole linaona mwanga na maumbo, herufi bado. Kijana wangu alikwenda wodini mara mbili. Mara ya kwanza mama wa Mpole alimzuia mlangoni. Mara ya pili Mpole mwenyewe alisikia sauti yake akasema kutoka kitandani, "Mwambieni nimesikia aliyoyafanya, yote mawili. Leo sitaki kumwona."

Amenipigia akilia, akiniuliza sasa afanye nini tena, maana amekwisha kusema kila kitu. Mwanangu, ukweli ulikuwa haki yao na umewapa, umechelewa lakini umewapa. Msamaha si haki yako. Kaa mbali na mlango ule mpaka uitwe, na kama hutaitwa, usiitwe. Ukirudi maabara, bonyeza saa, na kitakachotoka ndicho uandike.