Bega la Kushushia Rido

Jumanne, 5 Machi 2002

Tak! Bado naisikia. Miaka tisa ya mabomu na risasi, na sauti iliyoniingia kichwani ikagoma kutoka ni ya waya wa mashine.

Jana, ukumbi wa mazoezi wa Shaabani, mtaa wa Jabe, saa ya wanawake. Nilikuwa kwenye mashine ya kuvuta chini — Shaabani kaiunda mwenyewe kwa vyuma vya lori — kilo ishirini na tano, rekodi yangu! Waya ukakatika. Wanawake sita tukajitupa sakafuni kwa pamoja. Wabujumbura hodari. Hakuna aliyeuliza risasi imepigwa wapi. Waya haukunigusa hata kidogo. Niliangukia bega la kulia. Nimejijeruhi kwa kujikinga.

Shaabani aliingia mbio. "We Najla, amuka! Ni waya tu!" Mwanasiti, mwenzetu wa mazoezi, alikuwa bado chini, anamalizia kutamka shahada.

Alhamisi, 7 Machi

Consolée, kine anayenyoosha watu viungo hospitali, kaugeuza mkono wangu kama anatafuta alichodondosha. Kano za bega zimevutika. Wiki sita bila kuinua mkono juu ya kichwa. Miguu ruhusa, tumbo ruhusa.

Na nikikaidi?

"Itakatika, dada. Na daktari wa kupasua mabega alishaenda Ulaya."

Wiki sita! Ami Azhar anakuja kunipima tarehe 16. Tangu Baba afariki anataka duka letu la vitambaa lishikwe na mwanawe Zayd, kwa sababu mwanamke, eti, hawezi kushusha rido risasi zikianza. Rido — mlango wa chuma unaovutwa kutoka juu. Nikiishusha kabla hajahesabu hadi kumi, duka linabaki kwangu. Chuo kikuu miaka minne, ili nipimwe kama winchi.

Jumatatu, 11 Machi

Shaabani kafunga waya mpya. Wa lifti, anajisifu. Ni lifti ya jengo gani imebaki bila waya, sikuuliza.

Nilifanya miguu, kama mtoto mtiifu. Halafu nikajaribu ile mashine. Kilo tano. Tano! Bega likalia, nami nikalia nalo. Shaabani akachomoa pini ya vyuma vya uzito, akaitia mfukoni.

"Apana. Mi sitaki mutu wa kulia hapa. Ungoje. Misuli haina haraka kama we."

Jioni Zayd alipita dukani kunishushia rido, kwa hisani yake. Mkono mmoja! Wa pili ulishika sigara. "Pole na bega, binti ami." Desemba, risasi zilipolia upande wa mtaa wa Gasenyi, shujaa huyu alikuwa kwenye kaunta yetu. Alikimbia mpaka kwao bila viatu. Rido niliishusha mimi. Bahati mbaya Ami hakuwepo kuhesabu.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemweleza Ami habari za bega. Nimeomba wiki sita tu. Nimetaja na Desemba. Hilo la Desemba halikusikika vizuri, inaonekana.

Akacheka, kwa upole kabisa. "Waasi nao watakusubiri wiki sita, mwanangu?" Ameshaamua: kesho Zayd anafungua duka. Mama alikuwa anamimina kahawa. Kahawa ilifurika kwenye kisahani.

Jumamosi, 16 Machi

Saa mbili na nusu asubuhi. Naandika ndani ya duka, nimekalia majora ya vitenge. Niliingia kwa mlango wa uani, nikajifungia.

Nje Zayd anavuta rido kwenda juu. Anavuta kweli, namsikia anavyohema.

"Mbona haipandi?" — Ami.

"Kuna kufuli, baba. Mpya."

Kisha anajaribu tena! Labda anadhani kufuli nayo ni suala la misuli.

"Najla! Fungua, mwanangu. Watu wanatutazama."

Wacha watazame. Jana, kahawa ilipokwisha, nilienda sokoni nikanunua kufuli mbili, ya rido na ya uani. Nimezibana mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Seti moja ya funguo iko nami. Ya pili nilimpa Mama. Akaifunga kwenye pindo la kanga, hakuuliza ni ya nini.

Sasa yuko nje pamoja nao. Namsikia anakohoa. Ami anamuuliza kama anajua lolote.

Anakohoa tena, na mlio wa funguo sijausikia.