Kijiti ya Papa

Bukavu, tarehe 9 Mars 1957

Yaya Nsimire,

Niko muzima, mvua tu inatusumbua. Unakumbuka kijiti papa yetu alikuwa anasimika mbele yetu mu shamba ya maharagi tukilima? "Musiinue kichwa mupaka mukifikie!" Nikichoka, wewe ulikuwa unakisogeza karibu yangu, naye papa anajifanya haone.

Hapa biro, kwa kazi, asubui naingiza kalamu katikati ya makaratasi, napiga mashine ya kuandika bila kuinua kichwa mupaka niifikie. Chef wa biro ananisifu sana.

Siku ya matanga ya papa uliniuliza sababu gani nilikuta kaburi imekwisha kufunikwa. Leo nakujibu. Barua yako ya ugonjwa ya papa ilikaa siku tatu kando ya mashine, sikuifungua. Nilisema nimalize kwanza makaratasi.

Yaya, hapa hakuna mutu wa kunisogezea kijiti.

Mudogo wako,
Firmin