Jeni Isiyo ya Ukoo Wowote

Shoga, ndiyo natoka kwa daktari wa ubongo. Nimekaa kwenye ngazi za hospitali.

Majibu ya kifafa cha mwanangu yametoka. Mama na mama mkwe wote walikuja, kila mmoja kuutetea ukoo wake.

Daktari akaeleza taratibu kwamba mtoto akiwa tumboni, kuna jeni, chembe ya urithi, inayopeleka ujumbe kwa seli za ubongo ili kila moja ijue pa kwenda. Ya mwanangu ina hitilafu.

Mama mkwe akadakia, "Hiyo imetoka kwao."

Mama naye, "Kwetu hakuna mtu mwenye jeni."

Hakuna mtu mwenye jeni, shoga. Mbele ya daktari.

Daktari akasema haikutoka kwa yeyote, imeanza kwa mtoto mwenyewe. Mama mkwe akauliza kwa masikitiko, "Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa?"

Halafu wote wawili wakadai barua yenye muhuri kwamba ukoo wao hauhusiki, kila mtu nakala yake. Na daktari kawagongea.

Miaka mitatu naambiwa nimeleta mkosi. Mimi sikuomba barua. Niliomba kiti, nikalia.