Walii Wangu Yuko Kwenye Gemu

Jumatatu, 1 Septemba

Adeer, baba yangu mdogo, amekataa tena. Hata hakukaa. Alisimama mlangoni, akamwambia mama yangu, Hooyo, kwamba Mborana anaweza kuwa Mwislamu mwema, lakini yeye hatamwozesha binti wa marehemu ndugu yake kwa mtu wa Wajir ambaye ukoo wake hatuujui. Hatuujui! Abdub wangu akiulizwa atautaja mpaka usingizi ukushike. Ni Adeer asiyetaka kuuliza.

Akanywa maji, akaenda zake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia kama mtoto. Mwalimu mzima.

Jioni Hooyo alimwita Maalim wa madrasa. Maalim si mtu wa maneno mengi. Alisema Adeer si walii wangu, si yeye mwenye haki ya kuniozesha. Baba akishafariki, walii ni kaka, na maadamu kaka yuko hai na ana akili zake, baba mdogo akae kando. Neno la kaka yangu Abdikarim linatosha. Hata kwa simu, bora mashahidi wawili wamsikie.

Hooyo alifurahi. Mimi nilitamani kulia. Abdikarim yuko Minneapolis, na tangu Baba azikwe hajapokea simu ya mtu yeyote wa nyumbani. Kila mtu alikuwa akimpigia kuomba, hilo ni kweli. Mimi sikumwomba kitu. Alinifungia pamoja na wengine.

Na Abdub anahamishiwa hospitali ya Banissa mwezi ujao. Anataka aende na mke wake. Nami nataka niwe huyo mke—basi, nimeandika. Hooyo hasomi Kiswahili, ndiyo raha ya kuandika hapa.

Jumatano, 3 Septemba

Binamu yangu Sagal anaishi mji mmoja na Abdikarim. Nilimsihi aende akambishie mlango. Ameenda. Amenirekodia sauti ndefu, nusu yake kicheko.

Anasema Abdikarim anafanya kazi usiku kwenye ghala, asubuhi anarudi, anavaa vile vifaa vya masikioni na kucheza gemu mpaka usingizi umwangushe. Alimfungulia mlango akiwa navyo masikioni. Alipoambiwa dada yako anakutafuta, akajibu: akinitaka anitafute mle ndani. Kupiga simu kila mtu anajua. Mara moja tu, mtu wa nyumbani ajifunze kitu changu.

Sharti lingine: hachezi na mtu ambaye hajavuka lango la kwanza. Sagal anasema ni gemu la panga na majitu, watu hufa humo mpaka wanatupa vifaa ukutani.

Nimecheka. Halafu sikucheka tena. Miaka ishirini na saba, shahada ya ualimu, na ili niolewe lazima nipigane na jitu.

Alhamisi, 4 Septemba

Kinoti analicheza! Bila shaka Kinoti analicheza. Mwalimu wa kompyuta, Mmeru, amekaa Garissa muda mrefu na bado analalamikia joto kana kwamba lilifika jana. Sikumwambia sababu yote. Nilisema ni mambo ya kaka. Ameniazima laptopu yake ya zamani, ile inayochemka. Muda wa chakula cha mchana ameutumia kunifundisha kwenye meza ya walimu, wengine wakituchungulia.

Kumbe kabla ya kupigana unachagua wewe ni nani. Na ukikosea hapo, anasema Kinoti, umelia. "Mwalimu, wewe chukua mchawi. Usinisumbue na mengine. Unasimama mbali, unatupa moto, wanakufa kabla hawajakufikia. Hata kijana wangu wa darasa la tatu anaweza. Kila anayeanza huchukua mchawi."

Mchawi. Nikamwambia siwezi. Akadhani nimeogopa ugumu. Nikasema hapana, ni sihiri, kwetu hayo si maneno ya kuchezea. Akasema ni gemu tu, bana. Najua ni gemu! Sina wazimu. Lakini yule mchawi, kabla hujamchukua, anapiga goti mbele ya fuvu na kuapa, na wewe ndiye unayebonyeza kukubali kiapo. Kidole changu kilikataa. Nilimwona Hooyo akilini, kwenye msala wake, nyuma yangu, na mimi hapo naapa kwa fuvu.

Tukaangalia wengine. Askari wa ngao: mzuri, lakini usipojua wakati wa kuinua ngao unasagwa. Mwizi, siwezi hata kumweleza Hooyo. Mtawa ana msalaba kifuani. Adeer angezimia, nusura nimchague kwa hilo tu. Fukara anaanza na kitambaa kiunoni na rungu. Kinoti akasema huyo ni mwalimu wa kandarasi.

Wa mwisho ni Mfugaji. Joho, fimbo, na mnyama nyuma yake, ana nundu na shingo ndefu, kama ngamia aliyechorwa na mtu aliyesimuliwa ngamia. Kinoti akaruka. La, la, la! Huyo ni wa watu waliobobea, hata wao wanamkimbia.

Nilimuuliza kama amewahi kuchunga hata mbuzi. Akakiri kwao ng'ombe anafungwa zizini na kuletewa majani. Basi, nikamwambia, mimi nimezaliwa Hulugho. Nikabonyeza.

Ni kiburi. Ninajua.

Jumamosi, 6 Septemba

Nachukia gemu hili. Nachukia watu waliolitengeneza, na mama zao—astaghfirullah, si mama zao.

Nimekufa asubuhi yote. Nimeuawa na mbwa. Nimeuawa na mzee mwenye taa. Nimeanguka shimoni bila kuuawa na mtu. Kila ukifa maandishi mekundu yanatokea, kana kwamba hukuona.

Ngamia tu ndiye mwenye akili humo ndani. Nimemwita Adey kwa kuwa ni mweupe. Anatoa maziwa, na ukinywa unapona. Basi mimi simpandi, simpitishi kwenye miiba, na penye mto nasimama anywe. Kinoti alipopiga simu kuuliza nimefika wapi nikamweleza. Akauliza taratibu kama nimekuwa nikimkamua tu.

Kumbe si wa kukamua! Ni wa kuchinja. Ukifika mbele ya jitu unamchinja, damu yake inakupa nguvu kubwa, unalimaliza jitu. Ndiyo kazi yote ya Mfugaji. Ukitoka hapo unapewa mwingine. Kila mtu anajua hivyo, anasema Kinoti.

Kila mtu nani? Mtu gani anachinja ngamia mwenye maziwa ili ashinde ugomvi wa siku moja? Kesho unakunywa nini? Nilimwambia aliyetunga hayo hajawahi kufuga hata kuku. Akasema ni sawa, Mwalimu, basi futa, anza na mchawi, siku mbili utakuwa na kaka yako.

Sikufuta. Nikaenda kwa jitu linalolinda lango, na Adey wangu, tukafa wote wawili.

Jumatatu, 8 Septemba

Stima imepotea mchana kutwa. Joto la kuvua ngozi. Madarasani watoto wananiuliza ngeli, nami nawaza lango.

Abdub alipita jioni, tukazungumza kwenye baraza, Hooyo akisikiliza kwa mgongo. Nilitaraji anicheke. Badala yake akauliza, kwa upole kabisa, kwa nini nisichukue tu huyo mchawi. Mungu anajua nia. Na siku zinakwisha.

Hata wewe! Nilimjibu vibaya. Nikamwambia yeye ni mtoto wa wafugaji wa Wajir—je, angemchinja Adey? Akaniuliza kama ana ndama.

Hasira zikanitoka zote. Adeer na akatafute mtu wa ukoo wetu atakayeuliza swali hilo.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimevuka! Bila kuchinja! Imenichukua wiki nzima ya kulizunguka lile jitu, kupiga kidogo, kukimbia, kunywa maziwa, kurudi. Kinoti anasema hajawahi kuona mtu akishinda kwa namna ya kuchosha hivyo.

Na baada ya Asr—kule kwao ni asubuhi—akatokea. Nilimjua kwa jina la utani tulilokuwa tukimwita kule Hulugho, ameliandika vilevile juu ya kichwa chake. Na ni nani humo ndani? Mchawi. Abdikarim aliyehifadhi Qur'ani nusu, aliyechapwa na Maalim huyuhuyu, amevaa mafuvu shingoni.

Hooyo alikuwa kando yangu. Sauti yake ilipotoka kwenye laptopu alinishika mkono akaniumiza. Alikuwa akicheka na wenzake kwa Kiingereza. Hooyo akauliza, anasema nini? Alikuwa anasema rudi nyuma, mjinga wewe, nani anaponya leo. Nikamwambia anakusalimia. Hooyo akaitikia salamu. Akaitikia tena, kwa nguvu, akidhani hakusikika.

Maneno ya kwanza ya kaka yangu kwangu: nani amekwambia uchukue Mfugaji? Ndiye mbaya kuliko wote kwa anayeanza. Futa uanze na mchawi.

Si hujambo. Si Hooyo yuko vipi.

Nikasema haraka, kabla hajatoroka. Nimeposwa. Nahitaji neno lako mbele ya Maalim na mashahidi, dakika moja tu. Akasema sawa, Jumamosi ijayo, mleteni huyo Maalim. Lakini kuna jitu limewakwamisha yeye na timu yake, na Mfugaji mmoja akichinja wakati unaofaa litaanguka. Nije nimsaidie, kisha atasema chochote nitakacho. Sawa? Sawa, nikasema.

Hooyo hajaacha kutabasamu tangu hapo. Amewaambia majirani mwanawe amemsalimia.

Jumatano, 17 Septemba

Adeer amesikia. Kituko cha msikiti mzima: binti anatafuta walii kwenye mchezo wa watoto. Acha wacheke. Jumamosi nitacheka mimi.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandikia jikoni, nimesimama.

Walikuja baada ya Asr. Maalim, na mashahidi wawili wazee waliovaa vizuri kabisa, na Abdub na ami yake. Hooyo alitandika zulia la wageni. Laptopu tuliiweka juu ya kiti, katikati, kama mgeni wa heshima. Nilimwona Maalim akiwatazama wale mapepo kwenye skrini, akateremsha macho yake akaanza tasbihi.

Abdikarim alikuwepo. Akasema tuanze na jitu, wenzake wanasubiri. Nikamwambia na wazee wanasubiri. Akasema dakika tano.

Tukapigana. Mimi, mbele ya mchumba wangu na watu wanne wa heshima, nabonyeza vitufe. Wenzake walikuwa wanakufa mmoja mmoja. Akaanza kupiga kelele, chinja, Hamdi, chinja sasa, tumalize nitoe hilo neno! Nilimtazama Abdub. Aliinamisha kichwa.

Adey alipiga magoti mwenyewe. Hilo walilijua, hao watengenezaji. Walijua ngamia anavyopiga magoti.

Nikachinja.

Jitu likaanguka, wakashangilia kule kote. Hooyo naye akacheka kwa kuwa mwanawe anacheka. Maalim akasafisha koo, akatoa salamu, akamtaja kaka yangu kwa jina lake na la baba na la babu, akamuuliza kama amekubali dada yake Hamdi aolewe na Abdub. Abdikarim akasema subirini, naangalia tulichopata.

Wakasubiri! Wazee wale!

Kisha akauliza huyo mtu ni wa wapi. Nikasema Mborana, wa Wajir, nesi. Akauliza: Adeer anasemaje?

Adeer! Miaka yote hajapokea simu yake, hajui hata kama bado ana meno. Nikamwambia usimtaje Adeer, walii ni wewe. Akasema yeye hataki maneno na Adeer. Muulizeni yeye. Akikubali, mimi pia nimekubali. Sauti ikakatika.

Abdub aliendelea kuitazama skrini. Ami yake alianza kutafuta viatu vyake kwa macho.

Maalim akanigeukia mimi, si Hooyo. Akasema walii akikataa bila sababu ya kisheria, hana tena nafasi, jambo linakwenda kwa kadhi na kadhi ataniozesha. Wiki hii hii. Ila lazima mtu atamke mbele ya mashahidi kwamba amekataa, na mtu huyo ni mimi. Kama mtandao ndio uliokatika, basi hajakataa, na tungoje. Akauliza: amekataa, au hakujibu?

Hooyo aliniinamia, akanong'ona. Sema ni mtandao. Ukimtangaza mbele za watu hatarudi tena kunisemesha. Nimemsikia wiki iliyopita tu, mwanangu. Wiki iliyopita tu.

Hajawahi kumsemesha. Hilo ninalijua mimi peke yangu.

Nikasema naongeza chai. Birika limejaa, hakuna aliyekunywa. Hapa jikoni simu yangu imelia sasa hivi, mlio uleule wa gemu unaosikika na kule sebuleni kwenye laptopu. Abdikarim amenitumia mwaliko. Ameniundia mhusika mpya, mchawi, tayari ameshampa joho na fimbo. Kilichobaki ni mimi kukubali.

Hooyo amesikia mlio. Ananiita kwa furaha, njoo, njoo mbio, kaka yako amerudi! Na nyuma ya sauti yake Maalim ananiuliza tena, bila haraka, amekataa au hakujibu, na ami yake Abdub ameshavaa kiatu kimoja.